Buti la askari: kiwanda cha ulinzi ambacho Moshi inacho na haikihesabu

Kikitajwa kiwanda cha ulinzi, fikra za wengi huenda Morogoro kwa Mzinga na risasi zake, au Kibaha kwa Nyumbu na magari yake. Anayefuatilia habari za jirani atataja Eldoret, ambako Kenya imekuwa ikitengeneza risasi tangu miaka ya 1990, na Ruiru, ambako Aprili 2021 kilizinduliwa kiwanda cha bunduki chenye uwezo wa kutoa 12,000 kwa mwaka. Kilimanjaro na Arusha hazimo. Hizi ni mikoa ya kahawa, maua na watalii, na vyombo vya ulinzi vikionekana huku, vinaonekana kama wanafunzi: makuruti wa Shule ya Polisi Moshi, maofisa wanafunzi wa Monduli, vijana wa JKT Oljoro.

Mimi naona orodha hiyo ina pengo kubwa. Askari anaweza kutumikia miaka mingi bila kufyatua risasi nje ya uwanja wa shabaha, lakini hakuna siku anayoingia lindoni bila viatu. Na viatu, tofauti na bunduki, huisha. Bunduki moja yaweza kupita mikononi mwa vizazi viwili vya askari. Buti likitumika kila siku halimalizi miaka miwili. Kwa hesabu ya kazi inayojirudia mwaka hadi mwaka, sehemu ya sekta ya ulinzi inayoweza kulisha mkoa ni ile ya ngozi, uzi na mpira. Moshi tayari inayo: kiwanda cha Karanga, ubia wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF na Jeshi la Magereza. Himo, mwendo mfupi tu, kuna usindikaji wa ngozi wa miaka mingi. Wateja wako mlangoni: Shule ya Polisi, chuo cha Uhamiaji, Mweka wanakofundishwa wahifadhi, na upande wa Arusha makao makuu ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ambalo askari wake wa uhifadhi hutembea porini kuliko kikosi chochote cha mjini.

Wapo wanaopinga kuujenga uchumi wa mkoa juu ya oda za aina hii, na hoja zao si za kubezwa.

Ya kwanza ni historia. Morogoro kulijengwa kiwanda cha viatu kwa fedha za Benki ya Dunia, kikaanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikiwa na uwezo wa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikikusudiwa soko la Ulaya. Hakikuwahi kukaribia hata asilimia 10 ya uwezo huo, na mwaka 1990 kikafungwa. Mashine zilikuwepo, lakini ngozi nzuri, vipuri, umeme wa uhakika na mnunuzi havikuwepo. Arusha nayo ina jeraha lake: General Tyre, iliyoanza uzalishaji mapema miaka ya 1970 kwa ubia wa Serikali na wageni, ikasimama mwishoni mwa miaka ya 2000 mashine zikiwa zimechakaa na madeni yakiwa yamepanda. Mtu aliyeyaona haya mawili ana haki ya kuuliza kwa nini la tatu liwe tofauti.

Ya pili ni tabia ya mnunuzi. Kiwanda kinachouza kwa Serikali pekee hupoteza mazoea ya kushindana. Denel ya Afrika Kusini, shirika la silaha lenye wahandisi ambao bara zima liliwategemea, lilifika mahali pa kushindwa kulipa mishahara kamili mwaka 2020. Sababu zilikuwa nyingi, ikiwamo uongozi mbovu, lakini chini yake kulikuwa na ukweli kwamba bajeti ya ulinzi ya nchi ile ilishuka kwa miaka mingi tangu 1989 na kampuni haikuwa na mteja wa kawaida wa kukimbilia.

Ya tatu ni malalamiko ya mafundi binafsi, kwamba kiwanda chenye mkono wa Magereza kina nguvukazi ambayo wao hawawezi kushindana nayo kwa bei. Hili ni la haki, na nitalirudia.

Kwa kifupi, wapinzani wanasema oda ya ulinzi ni dripu: mgonjwa anaishi mradi chupa haijaisha. Nakubali kwamba inaweza kuwa hivyo. Nisichokubali ni kwamba lazima iwe hivyo, kwa sababu historia ya viatu duniani inasema kinyume. Mwaka 1642 mafundi wa Northampton, Uingereza, walipewa oda ya jozi 4,000 za viatu na 600 za mabuti kwa ajili ya jeshi lililokuwa likienda Ireland. Mji ule ukawa wa viatu kwa zaidi ya miaka 300. Kanpur, India, ilianza kwa kiwanda cha lijamu na matandiko ya farasi wa jeshi mwaka 1863. Leo ni kati ya vituo vikubwa vya ngozi vya nchi ile, na sehemu kubwa ya mali yake huvaliwa na raia. Marekani yenyewe, inayohubiri soko huria, tangu 1941 ina sheria inayoibana wizara yake ya ulinzi kununua sare na viatu vilivyotengenezwa ndani ya nchi. Walichokifanya wote hao ni kuitumia oda ya jeshi kama shule ya mkoa.

Shule hiyo huanzia machinjioni, si kiwandani.

Tuchukue mfano wa oda ya jozi 50,000 kwa mwaka. Buti la inchi nane la ngozi tupu linakula karibu futi za mraba 3.5 za ngozi ya juu, ukihesabu na mabaki ya ukataji. Ng'ombe wetu wa zebu ni mdogo. Ngozi yake ikishasindikwa hutoa futi 20 hadi 25, na katika hizo zinazofaa kukatwa buti ni kama asilimia 60. Kwa hiyo ngozi moja hutoa karibu jozi 4, na oda nzima inahitaji ngozi 12,500 hivi. Kwa nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 hiyo si idadi ya kutisha. Kazi iko kwenye kupata 12,500 nzuri.

Ngozi huharibiwa na vitu vinne hasa: chapa ya moto iliyopigwa mgongoni au pajani, kupe, kisu cha mchunaji na kuchelewa chumvi. Viwili vya kwanza hutoka malishoni na vitachukua muda kurekebishika. Viwili vya mwisho ni vya machinjioni na vinarekebishika ndani ya mwezi. Ngozi mbichi inatakiwa ipate chumvi ndani ya saa chache baada ya kuchunwa, kiasi cha asilimia 30 hadi 40 ya uzito wake, itandazwe upande wa nyama juu, irundikwe kwenye chaga maji yatiririke. Ikikaa tangu alfajiri hadi jioni kwenye sakafu ya joto, bakteria huanza kula mizizi ya manyoya. Kiwandani itaonekana nzima mpaka itolewe manyoya, ndipo uso wake utakapokuwa umemomonyoka. Kisu nacho: mkato mmoja usiotoboa, wenye kina cha nusu ya unene, ukitokea eneo la matako ambako nyuzi za ngozi zimeshikamana zaidi, unapoteza vipande viwili vya mbele ya buti. Mchunaji hajui hilo wala halimhusu, kwa sababu ngozi yake inanunuliwa kwa bei moja iwe safi iwe na mikato. Na bei ilipoanguka miaka iliyopita, wengi waliziacha zioze au wakazifukia.

Mnunuzi anayetengeneza mabuti ya askari hawezi kununua kwa bei moja. Vipimo vyake vinamlazimisha ngozi ya juu iwe na unene wa milimita 2 hadi 2.2, isichanike kwenye tundu la uzi, isipitishe maji kabla ya muda uliowekwa. Akishikwa na vipimo hivyo, atalipa kwa madaraja, na madaraja yakishakuwa na bei, kisu cha mchunaji kinabadilika. Nchi yetu ilijaribu njia nyingine kwa miaka mingi, ya kuweka ushuru mkubwa wa kusafirisha ngozi ghafi nje, uliowahi kufika asilimia 90 ya thamani. Ushuru uliizuia ngozi isitoke, lakini haukumpa mtu yeyote sababu ya kuichuna vizuri.

Nikiwa hapo hapo, kuna kosa ambalo waandika vipimo hulifanya wakidhani wanamtetea askari. Huandika kwamba ngozi isiwe na alama yoyote. Kovu la kupe lililopona halipunguzi nguvu ya ngozi. Likisuguliwa juu, likapakwa rangi nyeusi na kupigwa chapa ya vipele vidogo, halionekani na kiatu ni kilekile. Mkato wa kisu ndio unaopunguza nguvu, hata ukifichwa na rangi. Vipimo visivyotenganisha kovu na mkato vinakataa ngozi za wafugaji wetu na kufungua mlango wa ngozi za kutoka nje bila faida yoyote kwa mguu wa askari.

Sasa nifike kwenye soli. Hoja hii sijaiona ikipewa nafasi kwenye mijadala ya manunuzi, nami naihesabu kuwa nzito kuliko zote.

Soli nyingi za mabuti ya kisasa ni za poliurethani. Ni nyepesi, hunyonya mshtuko, na humiminwa moja kwa moja ndani ya kalibu ikashikana na ngozi bila gundi. Aina ya bei nafuu imetengenezwa kwa msingi wa poliesta, na poliesta ina adui mmoja: unyevu. Mvuke wa maji hupenya ndani ya soli na kukata minyororo ya molekuli zake kidogo kidogo. Joto huongeza kasi. Kazi hiyo haingoji kiatu kivaliwe. Inaendelea ndani ya boksi, ndani ya kontena, ndani ya bohari yenye paa la bati. Makadirio ya kawaida ya viwanda ni miaka 3 hadi 5 tangu siku ya kumiminwa, na hayo ni ya bohari yenye hewa ya wastani. Pwani yetu si wastani. Dalili zake mtunza bohari anaweza kuzipima kwa kidole gumba: soli nzima kwa macho, ukiibonyeza inabaki na shimo, au inatoa unga, au inanata. Buti hilo likigawiwa, soli itaachia vipande kwenye gwaride la wiki ya kwanza, na lawama itakwenda kwa gundi, kwa fundi au kwa askari mwenyewe.

Weka jambo hili pamoja na namna mabuti ya nje yanavyonunuliwa. Ili bei ya jozi ishuke, oda huwa kubwa, ya mahitaji ya miaka kadhaa. Mzigo hukaa wiki kadhaa baharini, tena bandarini, tena bohari kuu, tena bohari ya kikosi. Saizi zilikisiwa wakati wa zabuni. Saizi za katikati, 41 hadi 43, huisha kwanza, na mwisho hubaki 38 na 46 zikingoja wenye miguu hiyo. Mpaka jozi ya mwisho itoke, nusu ya umri wa soli imekwishaliwa na bohari. Fedha ya umma imenunua kiatu ambacho kilizeeka kabla ya kuguswa na udongo.

Kiwanda kilicho Moshi kinaweza kufanya kitu ambacho kiwanda cha ng'ambo hakiwezi kwa bei yoyote: kuigawa ile oda ya 50,000 kuwa 12,500 kila robo mwaka, saizi zikirekebishwa kila robo kulingana na waliopo, soli ikiwa na umri wa wiki badala ya miaka. Ndiyo maana bei ya jozi ni kipimo kibaya. Kipimo sahihi ni bei ya mwezi wa kuvaa. Kwa mfano tu: buti la 70,000 linalodumu miezi 10 linagharimu 7,000 kwa mwezi, la 95,000 linalodumu miezi 18 linagharimu chini ya 5,300. Kamati ya zabuni ikiona 70,000 na 95,000 peke yake, itachagua la kwanza na itadhani imeokoa fedha.

Nalazimika kuongeza kwamba kuwa karibu hakumgeuzi mtu kuwa fundi hodari. Kiwanda cha Moshi nacho kikinunua poliesta ya bei rahisi, soli zake zitaoza vilevile. Kwa hiyo vipimo vitaje wazi: ama poliurethani yenye msingi wa poliete, inayostahimili unyevu, ama mpira uliopikwa. Mimi ningependelea mpira, na sababu moja ni ya kikanda. Mashamba ya mpira ya Kihuhwi huko Muheza na Kalunga huko Kilombero yalikuwepo kwa ajili ya matairi ya General Tyre ya Arusha. Tairi lilikufa, miti ikabaki. Jozi moja ya soli inachukua karibu kilo 0.7 ya mchanganyiko, na karibu nusu ya huo ni mpira wenyewe. Jozi 50,000 ni tani 35 za mchanganyiko, tani 17 hivi za mpira. Si nyingi kwa kiwanda cha matairi, ila kwa shamba lisilo na mnunuzi wa uhakika ni mwanzo.

Mpira una masharti yake. Ukipikwa kwa salfa kwenye joto la nyuzi 150 hivi, dakika chache zikipungua soli inanata na kulika upesi. Zikizidi, mpira wa asili hurudi nyuma, unalainika na kupoteza nguvu. Kipimajoto cha mashine kikidanganya kwa nyuzi 10, oda nzima inaharibika bila mtu kuona. Na mpira wa asili huvimba ukiguswa na dizeli, kwa hiyo madereva na mafundi wa karakana wapewe soli ya nitrili. Buti la aina moja kwa kila mtu ni uvivu wa makaratasi.

Pale soli inapobandikwa kwa gundi badala ya kupikiwa juu ya kiatu, kuna sehemu moja inayoshusha sifa ya viwanda vyetu kuliko nyingine zote. Ngozi ya chini lazima ikwaruzwe mpaka uso wake uondoke, kwa sababu gundi ikishika uso uliopakwa rangi, rangi ndiyo itakayobanduka. Gundi ipakwe mara mbili, ya kwanza ikauke kabisa. Dawa ya kuigandisha, asilimia 3 hadi 5, ikishachanganywa ina saa chache tu za uhai, na kwenye karakana ya joto zinapungua. Fundi anayechanganya ndoo nzima asubuhi na kuitumia mpaka saa tisa alasiri anabandika kwa gundi iliyokwisha kufa. Kiatu kitapita ukaguzi wa macho siku hiyo na kitafunguka kinywa mwezi wa pili. Tiba ni kuchanganya kidogo kidogo, kuandika saa kwenye chombo, na kuvuta jozi moja katika kila mia kwenye mashine ya kubandua. Viwango vya kimataifa vya viatu vya kazi vinataka nguvu isiyopungua nyutoni 4 kwa kila milimita ya upana. Mashine hiyo si ghali ikilinganishwa na oda moja iliyorudishwa.

Wanaosema kiwanda cha ndani kinabebwa na ushuru wangepaswa kuusoma ushuru wenyewe. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoza hadi asilimia 35 kwa viatu vinavyotoka nje ya jumuiya. Kwa duka la pale Double Road, Moshi, huo ni ukuta. Lakini sheria ya forodha ya jumuiya, katika jedwali lake la tano, inasamehe ushuru kwa bidhaa za matumizi rasmi ya majeshi ya nchi wanachama. Buti la nje likiagizwa kwa ajili ya jeshi linaingia bure, wakati kiwanda cha ndani kinachoagiza kemikali ya soli, uzi wa nailoni au vijicho vya kamba kinaweza kulipa ushuru, isipokuwa kimeomba nafuu na jina lake likatangazwa kwenye gazeti rasmi la jumuiya mwaka huo. Mahali ambapo mtengenezaji wetu alihitaji uwanja sawa, uwanja umeinama upande wa mgeni. Sisemi jeshi lipoteze msamaha wake. Kuna vifaa ambavyo havitengenezwi hapa na havitatengenezwa karibuni. Ila kamati inapolinganisha bei, iongeze ule ushuru uliosamehewa kwenye hesabu ya bei ya nje, kisha ndipo ilinganishe.

Upande wa pili una hoja mbili ambazo hazijibiwi kwa urahisi.

Moja ni maji. Kusindika tani moja ya ngozi mbichi hutumia maji mita za ujazo 30 hadi 40. Ngozi 12,500 za kilo 15 kila moja ni karibu tani 190, yaani mita za ujazo 5,600 hadi 7,500 hivi kwa mwaka. Wingi wake si tatizo kubwa kwa Moshi. Tatizo ni kilichomo: chokaa, salfaidi, chumvi na kromu, ile kemikali inayoizuia ngozi isioze. Kwa njia ya kawaida ngozi hunywa asilimia 60 hadi 70 ya kromu inayowekwa. Iliyobaki inatoka na maji. Na maji ya Moshi hayapotei mchangani, yanashuka kwenye mashamba ya mpunga na miwa na kuishia bwawa la Nyumba ya Mungu, kwenye samaki. Njia za kupunguza zinajulikana: kupunguza uchachu na kupandisha joto mwishoni ili ngozi inywe zaidi, kukusanya maji ya kromu peke yake na kuigandisha kromu kwa magadi ili itumike tena, na kutoyachanganya kamwe na maji ya salfaidi. Haya yote hugharimu, na mara nyingi mtambo wa kusafisha maji ndio wa kwanza kuzimwa bei ya umeme ikipanda. Oda ya Serikali inapaswa kudai vipimo vya maji kama inavyodai vipimo vya soli, kila robo, kabla ya malipo.

Ya pili ni malipo yenyewe, na hapa wapinzani wana haki kuliko wanavyojua. Robo moja ya jozi 12,500 kwa 95,000 ni shilingi bilioni 1.19. Mnunuzi akichelewesha robo mbili kwa miezi sita, kiwanda kina bilioni 2.4 nje. Kikizikopa benki kwa riba ya asilimia 15, ni karibu milioni 178, sawa na shilingi 7,000 hivi kwa kila jozi. Kiwanda chenye mfuko mkubwa nyuma yake kitastahimili. Fundi binafsi hatastahimili, na hii ndiyo sababu ya kweli inayomtoa kwenye zabuni za vyombo vya dola kabla hata ya suala la nguvukazi ya wafungwa.

Malalamiko ya mafundi yana tiba ya kiutendaji. Buti hugawanyika vizuri. Kukaza kwenye kalibu na kuweka soli kunahitaji mashine kubwa na kufanyike mahali pamoja. Kushona ngozi ya juu kunahitaji cherehani nzito, mikono mizuri na mishono mitatu hadi minne kwa sentimita. Kazi hiyo inaweza kwenda kwa vikundi vilivyoko SIDO, shirika la viwanda vidogo, Moshi na Arusha, kwa vipande vilivyokwisha kukatwa kwa visu vya kiwanda ili saizi zisipishane, na sampuli iliyopigwa lakiri ikiwa mezani kwa kila kikundi. Wakilipwa ndani ya siku 30, watapata ujuzi wa kushona viatu vya shule na vya waongoza watalii wapanda mlima, soko ambalo halitegemei bajeti ya mtu yeyote Dodoma. Vilevile TEMDO na CAMARTEC, taasisi za Serikali za kubuni mashine, ziko Arusha, na kiwanda cha Machine Tools kiko Hai. Visu vya kukatia, kalibu za soli na vipuri vya mashine ni kazi za taasisi za namna hiyo, wala hazihitaji kusafiri kutoka ng'ambo.

Ninaamini basi kwamba oda za ulinzi ziingie Moshi, tena kwa wingi kuliko sasa, ila kwa mkataba wa miaka mitatu wenye kalenda ya robo mwaka, vipimo vinavyotenganisha kovu na mkato, soli isiyooza, na kikomo kinachoshuka: mwaka wa kwanza kiwanda kiruhusiwe kuuza hata asilimia 80 kwa vyombo vya dola, mwaka wa tatu isizidi 60. Bila kikomo hicho, waliotukumbusha Denel watakuwa wamesema kweli.

Kikwazo kimoja hutajwa kuzuia kalenda kama hiyo kutangazwa, nacho ni usiri. Idadi ya mabuti ya jeshi hufichua idadi ya wanajeshi, na hilo ni la kuheshimiwa. Kwa hiyo JWTZ ibaki na utaratibu wake. Polisi, Magereza, Uhamiaji, Zimamoto na Uhifadhi waanze, kwa kuwa ajira zao hutangazwa hadharani na kuficha saizi za viatu vyao hakulindi chochote. Makuruti wa Shule ya Polisi wanaweza kupimwa miguu wiki ya kwanza wanaporipoti, na orodha ya saizi ikafika Karanga siku hiyo hiyo.